Kijana wa Goma na nafasi iliyosubiri miezi mitatu

Mwishoni mwa Septemba 2025, siku chache kabla ya kambi ya mazoezi kufunguliwa, Golden State Warriors ya San Francisco ilikuwa na wachezaji 9 tu wenye mikataba ya kikosi cha kwanza. Kikosi kamili cha timu ya NBA kina watu 15. Soko la wachezaji huru lilikuwa wazi tangu 30 Juni, na timu zilizohitaji watu warefu wa kucheza chini ya kikapu zilikuwa zimeshawapata. Warriors nao walimhitaji mtu wa aina hiyo, na walijua wanamtaka nani. Ila hawakuweza kumsainisha, kwa sababu kulikuwa na karatasi moja iliyotangulia karatasi nyingine zote, na aliyepaswa kuitia saini ni kijana aliyezaliwa Goma, Kongo.

Jina lake ni Jonathan Kuminga. Alizaliwa 6 Oktoba 2002, mwaka uleule ambao lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kufika ziwani. Mwaka 2016, akiwa bado hajatimiza miaka 14, alikwenda Marekani kusoma na kucheza basket. Alipita katika shule tatu, West Virginia, New York na New Jersey, kisha mwaka 2020 akaacha njia ya chuo kikuu na kujiunga na Ignite, timu ambayo NBA yenyewe iliiunda kwa ajili ya kuwalea vijana kwa malipo. Katika drafti ya 2021, yaani siku timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, Warriors walimchukua akiwa wa 7. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, akawa bingwa pamoja nao.

Baada ya hapo mambo yakawa nusu kwa nusu. Msimu wa 2023/24 alipata wastani wa pointi 16.1 kwa mchezo. Msimu uliofuata alianza vizuri, lakini 4 Januari 2025 akaumia kifundo cha mguu wa kulia na kukosa michezo 31. Ni Januari hiyohiyo ambapo mji wake wa kuzaliwa uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Aliporudi uwanjani, Jimmy Butler alikuwa amekwishaletwa kutoka Miami, na kocha Steve Kerr alipata shida kuwapanga wote wawili pamoja na Draymond Green. Katika mtoano dhidi ya Houston, Kuminga alikaa benchi michezo mizima. Kisha Stephen Curry akaumia msuli wa paja katika mchezo wa kwanza dhidi ya Minnesota, na kijana yule aliyesahaulika akafunga wastani wa pointi 24.3 katika michezo minne iliyobaki, mmoja wao pointi 30.

Warriors walitolewa. Mkataba wa kwanza wa Kuminga ukaisha. Ndipo swali likaja: kijana huyu ana thamani gani, na nani ana haki ya kuipanga?

Haki ya mchezaji kuondoka mkataba unapoisha haikuja yenyewe. Katika besiboli ya Marekani, kwa miongo mingi, klabu ilimshikilia mchezaji mwaka hadi mwaka hata baada ya mkataba kwisha. Curt Flood wa St. Louis Cardinals aliposikia mwaka 1969 kwamba amepelekwa Philadelphia bila kuulizwa, alikataa na kwenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimnyima haki, na kazi yake uwanjani ikawa imekwisha. Lakini Desemba 1975 mwamuzi wa usuluhishi, Peter Seitz, aliamua kwamba warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walikuwa huru kwa kuwa mwaka wa ziada ulikwisha bila wao kusaini mkataba mpya. Besiboli ikafunguka. Basket ilifuata polepole. Kesi ya Oscar Robertson ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1976, na uhuru kamili kwa wachezaji wakongwe ukaanza mwaka 1988, pale Tom Chambers alipohama kutoka Seattle kwenda Phoenix bila klabu yake ya zamani kuwa na la kusema. Katika soka ya Ulaya hukumu iliyoleta uhuru kama huo, ya Jean-Marc Bosman, ilitolewa 15 Desemba 1995.

Kuminga hakuwa huru kama Chambers. Mchezaji aliyemaliza miaka minne ya mkataba wa drafti anaweza kuwekewa kizuizi na klabu yake. Klabu inatakiwa kumpa kwanza ofa ya lazima ya mwaka mmoja, ambayo kwa Kuminga ilikuwa dola milioni 7.9. Ikishafanya hivyo, timu nyingine yoyote inaruhusiwa kumpa mkataba, lakini klabu yake ya zamani ina haki ya kutoa masharti yaleyale na kumbakiza. Yaani anaweza kwenda sokoni, ila mwenye nyumba anamfuata nyuma na pochi.

Kwa hiyo mbele yake kulikuwa na milango minne. Wa kwanza, atafute timu ya kumpa mkataba mkubwa kiasi kwamba Warriors washindwe kuufikia. Wa pili, akubaliane na Warriors moja kwa moja. Wa tatu, Warriors wamsainishe na papo hapo kumpeleka timu nyingine kwa kubadilishana. Wa nne, akubali ile ofa ya milioni 7.9, acheze mwaka mmoja kwa mshahara mdogo, na kiangazi cha 2026 aondoke bila kizuizi.

Mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa kabla hajaugusa. NBA ina kikomo cha mishahara: kwa msimu wa 2025/26 kilikuwa dola milioni 154.6 kwa kila timu. Kikomo hicho si ukuta, kwa sababu kuna misamaha kadhaa. Mkubwa ni ule uliopewa jina la Larry Bird wa Boston, unaoiruhusu timu kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake. Lakini timu inayotaka kumchukua mchezaji wa wengine kwa fedha nyingi lazima iwe na nafasi chini ya kikomo, na kiangazi kile Brooklyn Nets peke yao ndio waliokuwa na nafasi ya maana. Brooklyn hawakumpa ofa. Waliokuwa na matatizo kama yake ni wengi: Josh Giddey wa Chicago, Quentin Grimes wa Philadelphia na Cam Thomas wa hukohuko Brooklyn, wote walikuwa huru wenye kizuizi, na wote walifika Septemba bila kusaini.

Kwa upande wa Warriors hesabu ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Curry peke yake alikuwa anasubiri dola milioni 59.6 kwa msimu huo, Butler milioni 54.1, Green karibu milioni 26. Watu watatu, karibu milioni 140. Juu ya kikomo cha kawaida kuna mistari mingine miwili ya adhabu: wa kwanza ulikuwa milioni 195.9, wa pili milioni 207.8. Mstari huo wa pili uliingizwa katika makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji ili kuzizuia timu tajiri zisinunue kila kitu. Timu inayovuka mstari wa pili hupoteza karibu nyenzo zote za kusajili. Haiwezi hata kuwaunganisha wachezaji wawili katika kubadilishana ili kumpata mmoja mwenye mshahara mkubwa.

Hapa ndipo nafasi ya senta, yule mtu mrefu wa chini ya kikapu, inapoingia. Kevon Looney, aliyefanya kazi ngumu ya chini ya kikapu kwa miaka 10 na kushinda ubingwa mara tatu na Warriors, aliondoka mwanzoni mwa Julai kwenda New Orleans kwa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 16. Waliobaki ni vijana wawili, Trayce Jackson-Davis na Quinten Post, pamoja na Green, ambaye ana uwezo wa kumkaba mtu yeyote lakini hana kimo cha senta. Kerr alihitaji mtu mrefu anayeweza kutupa pointi tatu, ili walinzi wa wapinzani wavutwe mbali na kikapu na Curry na Butler wapate nafasi ya kupita.

Sokoni walikuwepo. Brook Lopez, aliyemaliza mkataba Milwaukee, alikwenda Los Angeles Clippers. Deandre Ayton alivunja mkataba wake na Portland kwa makubaliano na kuhamia Lakers. Clint Capela, mzaliwa wa Geneva mwenye damu ya Kongo na Angola, alirudi Houston. Mmoja baada ya mwingine waliondoka, na Warriors waliangalia tu. Aliyebaki ni Al Horford, Mdominika mwenye miaka 39, bingwa wa 2024 na Boston, ambaye klabu yake ilikuwa inapunguza mishahara baada ya nyota wake Jayson Tatum kuumia kano ya kisigino. Horford anatupa pointi tatu vizuri, anapasi vizuri na anaujua mchezo. Umri ndio ulikuwa swali lake pekee.

Kwa nini basi wasimsainishe Julai? Kwa sababu nyenzo ya kumlipa Horford ilitegemea Kuminga. Klabu inayouvuka mstari wa kwanza ina fungu moja dogo la kumchukua mchezaji huru kutoka nje. Msimu ule lilikuwa dola milioni 5.7. Klabu ikilitumia fungu hilo, inajifunga isiuvuke mstari wa pili hata kwa senti moja msimu mzima. Sasa kama Kuminga angesaini kwa milioni 22, chini ya mstari ingebaki nafasi ndogo. Kama angechukua milioni 7.9, ingebaki nafasi kubwa. Kama angeondoka kwa kubadilishana, angekuja mtu mwingine na mshahara wake. Meneja mkuu Mike Dunleavy hakuweza kuandika tarakimu ya Horford kabla ya kuijua tarakimu ya Kuminga. Nafasi ya senta ilikwama kwa sababu ya mkataba wa mshambuliaji wa pembeni.

Phoenix na Sacramento zilionyesha nia ya kumchukua Kuminga kwa kubadilishana, lakini Warriors hawakuridhika na walichoahidiwa. Kwake Kuminga, ofa ya miaka miwili ya klabu ilikuwa na doa: mwaka wa pili ulikuwa chaguo la klabu, si lake. Klabu ingempa fedha nyingi mwaka wa kwanza, kisha iamue yenyewe kama inamtaka tena. Wakala wake, Aaron Turner, alisema hadharani kwamba ile ofa ndogo ya mwaka mmoja ilikuwa na mvuto wake, kwani ingemwezesha mteja wake kuamua mwenyewe aende wapi. Tena mchezaji anayeichukua ana haki ya kukataa kuhamishwa msimu mzima.

Tarehe ya mwisho ya ofa hiyo ilikuwa 1 Oktoba. Tarehe 30 Septemba 2025 Kuminga alikubali mkataba wa miaka miwili ambao, pamoja na bonasi, ungefikia dola milioni 48.5. Mwaka wa pili ukabaki chaguo la klabu. Ndani ya muda mfupi milango mingine yote ikafunguka. Horford akasaini kwa fungu lile la milioni 5.7 kwa mwaka. De'Anthony Melton na Gary Payton II wakarudi, na Seth Curry, mdogo wake Stephen, akaongezwa. Kikosi ambacho kilikuwa kimesimama kwa miezi mitatu kilikamilika kwa siku chache.

Wenzake waligawanyika. Giddey alipata miaka minne na dola milioni 100. Thomas na Grimes walichagua ile njia ya mwaka mmoja, Thomas kwa karibu milioni 6 na Grimes kwa milioni 8.7.

Mkongomani aliyetangulia katika soko hili alikutana na hali tofauti kabisa. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, naye alichaguliwa wa 7, miaka 10 kabla ya Kuminga. Charlotte walimwacha mwaka 2015 bila hata kumpa ofa ya kumwekea kizuizi, na Toronto wakamchukua kwa mshahara mdogo. Mei 2016 senta wao wa kwanza, Jonas Valančiūnas, akiwa majeruhi, Biyombo alidaka ribaundi 26 katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland ya LeBron James, rekodi ya Toronto katika mtoano. Majuma machache baadaye akawa huru, tena huru kweli. Na bahati ilimkuta njiani: kwa sababu ya fedha mpya za televisheni, kikomo cha mishahara kilipanda kiangazi hicho kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94. Karibu kila timu ilikuwa na nafasi. Orlando walimpa miaka minne na dola milioni 72. Biyombo hakuwa na kipaji cha kufunga kama cha Kuminga. Alifika sokoni mwaka ambao wanunuzi walikuwa wengi, na hakuna klabu iliyokuwa na haki ya kumfuata nyuma.

Januari 2022 hali iligeuka. Biyombo, aliyekaa nje akimwomboleza baba yake, alisaini Phoenix mkataba wa siku 10 kwa sababu masenta wa timu hiyo walikuwa wamewekwa pembeni na Uviko. Alicheza vizuri, akabakizwa hadi mwisho wa msimu, na akatangaza kwamba mshahara wote wa msimu ule ungejenga hospitali nchini Kongo kwa jina la baba yake.

Mashabiki wa Goma wanaofuatilia soka ya Dar es Salaam wameshaona michezo hii kwa sura nyingine. Fiston Mayele, mshambuliaji kutoka Kongo aliyetokea AS Vita Club, aliifungia Yanga mabao hadi ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, kisha akauzwa Pyramids ya Misri. Yanga ikajaribu kuziba pengo la namba 9 kwa Hafiz Konkoni wa Ghana, halafu dirisha dogo Joseph Guede wa Ivory Coast. Ubingwa wa 2023/24 ulikuja, lakini mabao mengi zaidi, 21, yalifungwa na Stephane Aziz Ki, kiungo. Klabu ilipata jibu la namba 9 kutoka nafasi nyingine. Kiangazi kilichofuata, Julai 2024, Yanga ilimtangaza Clatous Chama, Mzambia aliyekuwa kipenzi cha Simba, bila kulipa ada ya uhamisho kwa mtani wake. Mkataba wake Simba ulikuwa umekwisha, na kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine miezi 6 kabla ya mkataba kuisha. Katika soka hakuna haki ya kumfuata mchezaji nyuma kwa ofa ileile. Siku ikifika, imefika.

Kwa klabu za Goma kama DC Virunga, Dauphin Noir na Kabasha, uhuru huo una gharama isiyozungumzwa sana. Klabu hizi hazina fedha za kushindana na TP Mazembe, na mwaka 2025, uwanja wa ndege ukiwa umefungwa na benki zikiwa zimesimama, hata kumlipa mchezaji mshahara kwa wakati ilikuwa kazi. Mapato yao makubwa yanaweza kutoka kwa vijana waliowalea. Katika soka, mchezaji anapouzwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 23. Lakini akihama akiwa huru hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kinachoweza kubaki ni fidia ya malezi, ambayo hudaiwa kijana anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, au anapohamia nchi nyingine kabla mwaka wa kutimiza miaka 23 haujaisha. Basket ya NBA haina kabisa fungu la timu ya utotoni: mamilioni ya Kuminga hayana mkondo wowote wa kisheria unaorudi kwenye kiwanja alikojifunzia kudunda mpira.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo ya soka hupitia taasisi ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji na kuona alikuwa klabu gani mwaka gani. Taasisi haiulizi nani anakumbuka kumfundisha kijana. Inasoma rekodi za usajili zilizotumwa na shirikisho la nchi. Klabu ya mtaani Goma ambayo haikumsajili mtoto rasmi mwaka aliotimiza miaka 12 haionekani kwenye pasipoti hiyo, hata kama kila mtu katika mtaa anajua alianzia hapo.